Ngome Yenye Jina la Yesu: Dhambi na Neema katika Historia ya Mvita

Juu ya lango la Fort Jesus, kwenye ukingo wa Mji wa Kale wa Mombasa, kuna maandishi ya Kireno ya mwaka 1635 yaliyochongwa katika jiwe. Yanamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome hiyo akiwa kijana wa miaka 27. Yanasema ameijenga upya. Yanasema amewatoza kodi wafalme wa pwani, ameiadhibu Pate na Siyu hadi kuta za miji hiyo zikabomolewa, na huko Pemba, kwa amri yake mwenyewe, amewaua magavana walioasi pamoja na wakuu wa mji. Yote hayo yameandikwa kama sifa, tena kwenye lango la jengo lililopewa jina la Yesu.

Mkristo akiyaelewa maandishi hayo hawezi kupita tu. Imani yake inafundisha mambo mawili yasiyotengana. La kwanza ni kwamba hakuna binadamu aliye safi mbele za Mungu, awe mfalme au mtumwa, mhubiri au mhubiriwa. La pili ni kwamba Mungu hakungoja binadamu atakate ndipo ampende. Alimpenda angali mchafu, na gharama ya kumrudisha akaibeba mwenyewe msalabani. Mafundisho hayo yalianza kuhubiriwa Mvita, yaani katika kisiwa cha Mombasa, zaidi ya miaka 400 iliyopita. Historia ya mahubiri hayo inaonyesha jambo moja waziwazi: kila mara waliouleta ujumbe walipojitoa katika hesabu ya wenye dhambi, upendo waliouhubiri uligeuka kuwa upanga, na kila mara walipojihesabu humo, neema ilipata njia.

Moto kabla ya msalaba

Katikati ya Agosti 1505, merikebu za Francisco de Almeida zilitia nanga mbele ya Mombasa. Wareno waliushambulia mji, wakaupora na kuutia moto. Baada yao kuondoka, mfalme wa Mombasa alimwandikia mwenzake wa Malindi kumweleza aliyoyakuta: maiti wametapakaa, na mji unanuka hata hauingiliki. Miaka ishirini na kitu baadaye Nuno da Cunha aliuchoma tena, na mwaka 1589 mji ukaangamizwa kwa mara nyingine. Kwa watu wa Mvita, basi, msalaba waliuona kwanza umechorwa kwenye matanga ya merikebu za vita, kabla hawajamsikia mtu yeyote akiueleza.

Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome kwenye mwamba unaotazama mlango wa bandari. Mchoro wake ulitolewa na Giovanni Battista Cairati, fundi wa Kiitalia kutoka Milano aliyekuwa akiwatumikia. Ukiutazama mchoro huo kutoka juu, unaonekana kama mtu aliyelala chali, na wengi huueleza hivyo. Karibu wakati huohuo Wareno walimhamisha mtawala wa Malindi, rafiki yao wa siku nyingi, wakamketisha kwenye kiti cha Mombasa.

Mwishoni mwa karne hiyo wakafika watawa wa shirika la Mtakatifu Agostino. Wakajenga konventi yao mjini, nje ya ngome, katika mtaa walikoishi Wareno. Hakuna mwalimu wa Kanisa la Magharibi aliyeandika kwa kina kuhusu dhambi na neema kumpita huyo Agostino, na alikuwa Mwafrika, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi inayoitwa leo Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo anasimulia jinsi akiwa kijana wa miaka 16 alivyokwenda usiku na wenzake kuiba mapeasi ya jirani. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Aliiba kwa sababu uovu wenyewe ulimpendeza, na hilo ndilo lililomtisha hata miaka mingi baadaye. Alipoyaandika hayo alikuwa askofu mwenye waumini wanaomtazama. Hakuanza na dhambi za Warumi wala za wapagani. Alianza na zake.

Warithi wa mwalimu huyo ndio waliokabidhiwa Mombasa. Walikuwa na dawa mkononi. Swali ni kama wao wenyewe waliinywa.

Mtoto aliyepelekwa Goa

Sultani Hasan bin Ahmad, wa ukoo huo wa Malindi, alitawala Mombasa kama mshirika wa Wareno. Lakini makapteni wa ngome walikuwa na biashara zao, tamaa zao na kiburi chao, na ugomvi kati yao na sultani ukazidi mwaka hadi mwaka. Mwaka 1614 Hasan alikimbilia bara kuokoa maisha yake. Huko aliuawa na watu waliohongwa na Wareno. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno nchini India.

Aliacha mtoto wa kiume, Yusuf, mwenye umri wa miaka saba hivi. Mtoto huyo naye alipelekwa Goa, katika mji uleule kilikopelekwa kichwa cha baba yake. Alikabidhiwa kwa watawa Waagostino, ambao konventi yao huko ilikuwa imewekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa Neema. Kipande cha mnara wa kanisa lake kingali kimesimama, magofu mekundu yanayoonekana kutoka mbali. Humo Yusuf alisoma katekisimu, akabatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Alipokua alitumikia katika merikebu za Wareno na kuoa mke Mkristo.

Tufikiri alichofundishwa humo. Alifundishwa kwamba wanadamu wote wamerithi kosa la Adamu. Alifundishwa kwamba chuki ni dhambi, kwamba mauaji ni dhambi, kwamba mwenye dhambi hana budi kuungama kwa kinywa chake, kujuta moyoni na kutengeneza alichoharibu. Yote hayo ni kweli, na watawa waliomfundisha huenda waliyaamini kwa moyo wote. Lakini taifa lililomlea ndilo lililomuua baba yake. Aliitwa atubu dhambi zake akiwa mtoto yatima, na waliomfanya yatima hawakusimama mbele yake kuungama yao.

Mwaka 1626 alirudishwa nyumbani kuwa Mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba. Mwaka uliofuata aliandika barua kwa Papa Urbano VIII kutoa utii wake. Kwa macho ya Roma na Lisbon, Kanisa lilikuwa limepata mfalme Mkristo katika pwani ya Waislamu. Kwa macho ya Mombasa, alikuwa kijana aliyerudi na nguo za kigeni na jina la kigeni, ambaye raia zake hawakumwamini na makapteni wa ngome hawakumheshimu. Kapteni Pedro Leitão de Gamboa alimdharau kama wenzake walivyomdharau Hasan.

Habari za Wareno zinasema kwamba mfalme huyo alikuwa akienda kwa siri kwenye kaburi la baba yake, na huko akiomba kwa desturi ya Kiislamu. Mtu akamwona, akamwambia kapteni. Dom Jerónimo alipong'amua kwamba siri yake imefichuka na kwamba anaweza kurudishwa Goa kuhukumiwa, aliamua kutangulia.

Agosti 1631

Ilikuwa siku za sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, katikati ya Agosti 1631. Mfalme aliingia ngomeni na watu wake kama mgeni anayefahamika. Akamchoma kapteni kisu kwa mkono wake mwenyewe. Watu wake wakawamaliza walinzi, na ngome ikawa yake. Akatupa jina la Jerónimo, akarudi kuwa Yusuf bin Hasan.

Wareno waliokuwa mjini walikimbilia konventi ya Waagostino, wakajifungia humo kwa siku kadhaa. Walipotoka walikuwa mikononi mwa mfalme, wakapewa kuchagua: wasilimu au wafe. Wengi wao walikataa kuikana imani, wakauawa. Waliuawa wanaume, wanawake na watoto. Waliuawa watawa. Pamoja nao waliuawa Waafrika waliobatizwa, watu wa pwani hii hii, ambao hawakuwa na merikebu ya kuwapeleka popote wala mfalme wa Ulaya wa kuwalilia. Wengine waliuzwa utumwani.

Hapa historia haina budi kusemwa kwa haki. Uislamu haukubali mtu alazimishwe dini, na sheria yake inawalinda wanawake na watoto hata vitani. Yusuf bin Hasan hakuwa anaitekeleza dini ya mababu zake alipowaua wasio na silaha, kama vile makapteni hawakuwa wanaitekeleza Injili walipomhonga muuaji wa Hasan. Kosa la 1614 linatusaidia kuelewa kosa la 1631, lakini halilifuti. Mafundisho ya Kikristo kuhusu dhambi yanakaa hapo hasa. Hayamruhusu aliyedhulumiwa kusema kwamba kisasi chake ni kitakatifu, wala hayamruhusu aliyedhulumu kushangaa kisasi kinapokuja. Yanasema kwamba dhambi isiyoungamwa huzaa, na mara nyingi anayelipa deni ni mtu ambaye hakukopa. Watoto waliouawa Agosti ile hawakuwa wamezaliwa Hasan alipokatwa kichwa.

Jambo jingine halifai kupitwa haraka. Wale Waafrika waliobatizwa wangeweza kuokoa maisha yao kwa neno moja. Hawakuwa wamefaidika na ngome. Dini waliyoipokea waliipokea kutoka mikono yenye damu, na hata hivyo waliona ndani yake kitu ambacho makapteni hawakukiona: kwamba Mungu anawapenda wao, na upendo huo una thamani kuliko uhai. Baada ya msiba huo, wakuu wa Kanisa huko Goa walikusanya ushahidi wa walionusurika ili waliokufa watambuliwe kuwa mashahidi wa imani. Ushahidi huo umehifadhiwa hadi leo, na Wakristo wa Mombasa wanawakumbuka.

Mwanzoni mwa mwaka 1632 Wareno walileta merikebu kutoka Goa kuizingira ngome, wakashindwa kuitwaa. Hata hivyo Yusuf aliona kwamba hawezi kushikilia mji kwa muda mrefu. Mwaka huohuo aliiharibu ngome alivyoweza, akaondoka kwa merikebu aliyoiteka, akawa mtu wa kushambulia vyombo baharini hadi mauti yalipomkuta katika Bahari ya Shamu miaka michache baadaye. Wareno wakarudi. Miaka mitatu baada ya hapo Cabreira akachonga jiwe lake la sifa.

Ungetarajia kwamba watu waliopoteza ndugu zao kwa namna ile wangejiuliza ni nini kilichomgeuza mtoto wa Goa kuwa muuaji. Jiwe halijiulizi. Linamwita Yusuf dhalimu na mwasi, linahesabu miji iliyoadhibiwa, na halimtaji Hasan bin Ahmad. Maungamo ambayo Agostino aliyafanya mbele ya Kanisa lote hayakufanywa Mombasa. Ngome ilipoangukia mikononi mwa Waomani mwezi Desemba 1698, baada ya kuzingirwa tangu Machi 1696, halikubaki kusanyiko la Wakristo wazawa katika kisiwa. Karne nzima ya mahubiri iliacha misingi ya kanisa dogo ndani ya ngome, ambayo wachimbaji wa mambo ya kale waliifukua katika karne ya 20.

Kadhi, mmisionari na kitabu cha Mwanzo

Karibu miaka 150 ilipita. Mwaka 1844 alifika Mombasa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani kutoka Württemberg aliyetumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Anglikana. Alikuja pamoja na mkewe Rosine, aliyekuwa mjamzito, baada ya kufukuzwa Ethiopia. Hakuja na askari. Alikuja na barua ya Sultani Sayyid Said wa Zanzibar, na wakubwa wa Mombasa wakampokea kama mgeni.

Mwezi Juni mwaka huo Krapf alianza kazi ambayo matunda yake yangali mikononi mwetu: kuitia Biblia katika Kiswahili. Alianza na kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidin, mwanachuoni wa Kiislamu. Mwaka 1847 sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani katika jarida la wataalamu wa mambo ya Mashariki. Sura ya tatu ni ile ya Adamu na mkewe, tunda lililokatazwa, aibu, na Mungu anayemwita mtu aliyejificha.

Hadithi ya Adamu haikuwa ngeni kwa kadhi. Katika mafundisho ya Uislamu, Adamu alikosea, akatubu, akasamehewa, na kosa lake halikurithiwa na watoto wake. Kila mtu hubeba mzigo wake. Ukristo unaona kwamba kosa lile lilijeruhi tabia ya binadamu wote, hata mtoto anazaliwa na mwelekeo wa kujipenda kuliko Mungu na kuliko jirani, na hakuna anayejitibu mwenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa, na wanachuoni wa dini hizi mbili wameijadili kwa karne nyingi. Lakini habari ya kosa la kwanza la binadamu ilitiwa katika Kiswahili na Mkristo na Mwislamu wakisaidiana, katika mji uleule ambako mwaka 1631 dini ilikuwa sababu ya kuuana.

Mwezi uliofuata homa iliingia nyumbani kwa Krapf. Rosine alijifungua mtoto wa kike, na tarehe 13 Julai 1844 akafa. Mtoto akamfuata mamaye siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa taabani. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, na kaburi lao lipo hadi leo katika eneo la Mkomani. Baada ya mazishi Krapf aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa kazi ya Injili imeanza katika pwani hii. Wakristo waliotangulia walikuwa wameanza kazi yao kwa kuwazika watu wa Mombasa. Huyu aliianza kwa kuzika wake.

Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walihamia Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa. Huko alikuwa akipita kijiji kwa kijiji akizungumza habari za uovu wa moyo wa binadamu. Siku moja, kama alivyoandika katika kumbukumbu zake, bibi mmoja mzee alimuuliza ni nani aliyemchongea kwake. Yeye moyo wake ni mwema, hajui kosa lolote.

Swali la bibi huyo linastahili kujibiwa kwa heshima. Katika kijiji cha Kirabai, mtu aliyeambiwa ni mkosaji alikuwa na haki ya kumjua mshitaki wake na kosa lake. Mgeni anatoka ng'ambo, hajakaa kwenye shamba lake wala kuwaona wanawe, kisha anamwambia moyo wake umeharibika. Bila shaka mtu huyo amesikia maneno ya fitina! Jibu la Kikristo kwa swali hilo si kumthibitishia bibi ubaya wake. Jibu ni mhubiri kuketi upande uleule wa bibi, aseme kwamba habari hii aliisikia kwanza kuhusu yeye mwenyewe, na kwamba aliyemwambia ndiye aliyempenda. Dhambi ikitangazwa na mtu aliyesimama juu, inasikika kama shitaka. Ikitangazwa na mgonjwa mwenzako aliyepata dawa, inaanza kusikika kama habari njema.

Jibu hilo lilichukua muda kueleweka. Mtu wa kwanza aliyempokea Kristo kutokana na kazi yao hakuwa mwana wa mfalme. Alikuwa Mringe, mlemavu, ambaye alibatizwa akiwa karibu kufa. Hakuwa na utii wa kumpa Papa wala kodi ya kumpa mfalme yeyote. Dom Jerónimo alibatizwa kwa sababu alikuwa na faida. Mringe alibatizwa ingawa hakuwa na faida kwa mtu yeyote. Ikiwa upendo wa Mungu ni zawadi isiyonunuliwa, basi ubatizo wa Mringe uliueleza upendo huo vizuri kuliko ubatizo wa mfalme.

Waliojua bei ya fidia

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Miaka miwili baadaye makazi ya Frere Town yalikuwa yameanzishwa upande wa Kisauni, ng'ambo ya Mji wa Kale, chini ya William Salter Price, kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele ya makazi hayo ilikuwa ikigongwa kuwatahadharisha watu hatari ikikaribia, na mahali ilipo bado panaitwa Kengeleni.

Kiini cha jamii hiyo walikuwa wale walioitwa Waafrika wa Bombay. Walitekwa wakiwa watoto, wakaokolewa na merikebu za Waingereza, wakapelekwa India, wakasomeshwa na kufunzwa kazi katika shule ya misheni karibu na Nasik. Walirudi Afrika Mashariki wakiwa walimu, mafundi na wahubiri.

Hata huko dhambi ilijenga nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi Mwingereza wa makazi aliwachapa viboko na kuwafunga watu waliookolewa utumwani. Malalamiko yalifika kwa balozi mdogo wa Uingereza, uchunguzi ukafanywa, na msimamizi huyo akaondoka. Nalitaja jambo hili kwa sababu linathibitisha mafundisho yenyewe: kuwakomboa watu hakumfanyi mkombozi wa kibinadamu kuwa msafi. Tofauti na karne ya 17 ni kwamba safari hii kosa lilitajwa kuwa kosa, na Wakristo wenyewe.

Mei 1885 Askofu James Hannington aliwaweka wakfu wawili kati ya Waafrika wa Bombay, William Jones na Ishmael Semler, kuwa mashemasi. Miezi michache baadaye Hannington alisafiri kwenda Buganda, na Oktoba mwaka huo akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones, aliyekuwa katika msafara huo na kuachwa nyuma na wapagazi, ndiye aliyewaongoza waliobaki hadi wakafika Rabai mwezi Februari 1886.

Huko Rabai Jones alikuwa mchungaji wa watu ambao hali yao aliijua katika mwili wake. Watumwa waliotoroka kutoka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia huko, mmoja mmoja na familia kwa familia, wakijenga vibanda na kulima. Mabwana zao walikuja kuwadai. Misheni iliwahi kuahidi kutowapokea, lakini mchungaji aliyekuwa mtumwa hakuweza kwa urahisi kumrudisha mtumwa. Kufikia mwaka 1888 mgogoro ulikuwa mkubwa kiasi cha kutishia amani ya pwani.

Mwakilishi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, George Mackenzie, alikubaliana na wenye watumwa. Wangelipwa, na watoro wangekuwa huru. Fedha zilitoka kwa kampuni, serikali ya Uingereza na marafiki wa misheni, jumla yake takriban pauni 3,500. Siku ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 1889, zaidi ya watu 1,400 walipewa hati zao za uhuru huko Rabai.

Mtu anaweza kuuliza, na ni haki aulize, kwa nini alipwe bwana na si mtumwa. Aliyelima bure miaka ishirini alipata karatasi; aliyelimiwa alipata fedha. Hilo nalo lilikuwa alama ya ulimwengu ulioharibika, ambamo hata wema hulazimika kupatana na uovu, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Lakini kwa wale waliopokea hati, mahubiri kwamba Kristo alijitoa kuwa fidia hayakuwa nadharia. Walijua mtu hujikuta mikononi mwa nguvu asizoweza kuzitoroka peke yake. Walijua kukimbia hakutoshi, kwa kuwa bwana huja kudai. Walijua jinsi moyo unavyokaa siku ambayo mwingine, asiyewiwa chochote nawe, analipa bei yako yote na kukuambia nenda, wewe ni wako. Wataalamu wa teolojia wameandika vitabu vingi kufafanua ukombozi. Watu wa Rabai waliweza kuufafanua kwa kuonyesha hati yao.

Ungamo linaloanza na mhubiri

Mwaka 1905 kanisa kuu la Kianglikana la Mombasa, lililojengwa kumkumbuka Hannington na wenzake, liliwekwa wakfu. Lina kuba na matao yanayofuata ujenzi wa pwani, na liko mwendo mfupi kwa miguu kutoka ngomeni. Miongo mitatu baadaye, kutoka Gahini nchini Rwanda, uamsho wa Afrika Mashariki ulianza kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Alama yake kubwa ilikuwa kuungama hadharani. Wamisionari wa Kizungu walisimama mbele ya Waafrika wakakiri kiburi chao na dharau yao, na Waafrika wakakiri wizi, chuki na uchawi wao, kisha wakaitana ndugu. Ni ungamo ambalo mtoto Yusuf alistahili kulisikia Goa.

Mombasa ya leo ni mji wa misikiti na makanisa, na wakazi wake wamejifunza kuishi pamoja kwa gharama kubwa. Mkristo wa mji huu hana ruhusa ya kuhubiri kana kwamba historia ilianza jana. Akizungumza habari za dhambi, aanze na jiwe la 1635, na kichwa cha Hasan bin Ahmad, na viboko vya Frere Town, kwa sababu hizo ni dhambi za nyumba yake. Hatapoteza kitu kwa kufanya hivyo. Imani yake haijasimama juu ya wema wa Wakristo. Ingekuwa hivyo, ingekwisha pamoja na Wareno mwaka 1698. Imesimama juu ya Mungu aliyewapenda watu wabaya, wakiwemo wale waliolibeba jina lake vibaya. Anayeamini hivyo anaweza kuyasema makosa yake bila hofu, kwa kuwa hakupendwa kwa ajili ya usafi wake tangu mwanzo, na jirani yake, awe Mkristo au Mwislamu, atapata sababu ya kumsikiliza.